Mafuta Yako Juu

Temeke, Dar es Salaam
6 Juni 1954

Kwa Baba Mdogo Apolinari,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti, ingawa uko mbali na huwezi kuhakikisha kama nimepiga kweli. Hujambo? Jicho lako hilo moja halijachoka kufanya kazi ya mawili? Mama mdogo Sesilia hajambo? Kahawa imechanua? Mie huku ni mzima, nakula nashiba, na wasichana wa Temeke wanauliza habari zangu. Nawaambia wangoje kwanza, nina kazi.

Sasa kaa vizuri kwenye kigoda, maana mwanao nimepata cheo. Unamjua Saifuddin, yule kijana aliyeachiwa gereji na marehemu baba yake, ndiye tajiri wangu. Amenunua gari la mashindano. Halina paa, halina milango, lina viti viwili na kelele za kutosha mtaa mzima. Klabu ya magari ya Wazungu imechonga njia ya duara katika shamba la mkonge lililokufa huko nje ya Temeke, na tarehe mosi Agosti magari yatazunguka pale mara ishirini. Saifuddin atashika usukani. Na pembeni yake, kiti cha kushoto, atakaa nani? Wilbert wa Kamachumu, darasa la nne, cheti hana!

Kazi yangu ni joto. Mbele yangu kuna visaa viwili vya kioo, kila kimoja na mshale wake. Kimoja kinapima joto la maji ya rejeta, cha pili kinapima joto la mafuta ya injini. Saifuddin hawezi kuvitazama mwenyewe, maana njia ina kona na vumbi na matako ya magari ya Wazungu. Yeye anatazama njia, mie natazama mishale, nampigia kelele sikioni. Maji yakikaribia digrii mia mbili na kumi za Farenhaiti yanataka kuchemka. Mafuta yakipita mia mbili na sabini yanakuwa mepesi kama maji ya kunawa, na vyuma vinaanza kutafunana.

Na nimegundua jambo ambalo wewe na udereva wako wote hukuniambia, usinichape. Maji ni kama hasira za mama mdogo Sesilia: yanapanda upesi, ukipunguza mwendo kidogo yanashuka, na chai unapewa. Mafuta ni kama hasira zako wewe. Yanachelewa kupanda, mtu anadhani mambo ni shwari, anaendelea kucheka, lakini yakishapanda hata ukisimama hayashuki mpaka kesho.

Nikitazama ile mishale namkumbuka Mama Moshi, lile lori letu. Kisaa chake kilikufa kabla sijaota meno. Wewe ulikuwaga unashuka, unaweka kiganja juu ya boneti kama unayempima mtoto homa, unanusa, halafu unasema, "Huyu anataka kunywa." Nami mbio na kopo kutafuta maji, huku nyuma nasikia unapiga mbinja. Hukukosea hata siku moja.

Ila ile moja, tuiache.

Nisalimie wote, na mbuzi wangu pia, kama hamjamla.

Mimi mwanao,
Wilbert


Kamachumu, Bukoba
27 Juni 1954

Mwanangu Wilbert,

Marahaba. Sisi hatujambo, waitu, mpendwa wetu, namshukuru Mungu. Mama mdogo wako alikuwa na mafua, sasa anagomba kama kawaida, ndipo nikajua kapona. Mvua imekoma. Mbuzi wako tulimla Pasaka, alikuwa mtamu.

Barua yako nimeisomea mlangoni penye mwanga. Umeandika "tuiache". Mie sitaiacha, kwa kuwa wewe siku ile ulikuwa umelala na homa chumbani Temeke na hukuona. Nilikuwa peke yangu kwenye kilima cha Pugu, na shehena ya watu wanaowahi. Lori lilikuwa linachemka. Nilijua linachemka, Wilbert. Kiganja kiliniambia, pua iliniambia, na huo mshale wako ungekuwapo ungeniambia pia. Nikachukua kitambaa nikafungua mfuniko wa rejeta, kwa sababu nilikuwa na haraka na jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanasonya. Maji yakaniruka usoni. Basi. Jicho lilikwenda kwa haraka, halikwenda kwa kutojua joto.

Kwa hiyo visaa vyako sivikatai. Ninachokataa ni hicho kichwa chako kinachodhani kwamba kwa kuwa umelisoma joto, basi umelishika.

Nakuita nyumbani huu mwaka wa nne na unanijibu kwa mizaha. Sasa tuwekeane ahadi ya wanaume. Gari hilo likimaliza mizunguko ishirini, sitakuita tena. Kaa Dar, uwe dereva, nitakuombea kila Jumapili. Lisipomaliza, unarudi nyumbani tulime kahawa, na habari za injini ziishe katika ukoo huu. Nimekwisha kupaka chokaa chumba cha nyuma.

Yule Tabu wa maandazi pale uani kwetu bado yupo? Nauliza tu.

Baba mdogo wako,
Apolinari


Temeke
18 Julai 1954

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa mafua ya mama mdogo, na poleni zaidi kwa kupona kwake. Mie sijambo, ila moyo unauma kwa ajili ya mbuzi.

Ahadi nimeikubali! Mikono yote miwili. Hicho chumba ulichokipaka chokaa kitafutie mpangaji, maana hilo gari litamaliza mizunguko ishirini na Wazungu watakula vumbi letu mpaka kwenye masharubu. Saifuddin nilipomwambia habari ya ahadi yetu alishika kichwa. "We Wilbert, mie nashindania kikombe, we unashindania kubaki mjini? Sasa nikishindwa si nimekufukuza?" Nikamwambia, "Basi usishindwe, bosi." Hakucheka.

Tabu wa maandazi yupo, kanenepa, na aliposikia jina lako alisema, "Yule wa jicho?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Alikuwa anajua kucheka." Sijui ulikuwaga unamchekea nini, na mama mdogo simwambii, lakini dawa ya kunyamaza ni mbuzi mwingine.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita baada ya Misa nilikwenda Kinondoni kupeleka spana kwa fundi mmoja seremala. Nyuma ya nyumba yake nani nimemkuta? Mama Moshi! Hana matairi, kakalia matofali, rangi yote imekwisha. Kuku wanataga kwenye kiti chako. Nilipanda nikakaa upande wangu. Upande wako sikukaa. Nilidhani nitacheka, lakini nilikaa pale mpaka seremala akaja kuniuliza kama nimekufa. Ile harufu ya gunia bichi na tumbaku yako bado imo, baba mdogo, sijui imejificha wapi miaka yote hii. Nikakumbuka tulivyokuwa tunarudi kutoka Kurasini, lori tupu linarukaruka, wewe unaimba zile nyimbo za kwetu na mie naitikia maneno nisiyoyajua maana. Siku hizi naimba peke yangu na bado maana sijui.

Mazoezi yanakwenda vizuri. Tunazunguka mara tatu, si zaidi, maana matairi hatutaki kuyamaliza. Maji yanapanda, napiga kelele "Maji!", Saifuddin anapunguza, yanashuka. Mafuta hayajawahi hata kusogea, mara tatu ni kidogo, hayajapata muda wa kukasirika. Mzunguko wa mwisho tunakwenda polepole ili upepo uipoze injini ndipo tuzime. Ukizima ghafla ikiwa ya moto, joto lote linakimbilia kwenye maji, yanachemka gari limesimama. Unaona nilivyosoma?

Kitu kimoja tu kinamnyima Saifuddin usingizi: petroli. Anataka gari liwe jepesi, kwa hiyo tangini anatia kidogo tu, ya kubahatisha. Kioo cha kuonyesha petroli ya tangini kiko upande wangu, kwa hiyo kila baada ya kona ananiuliza, "Itatufikisha?" Namwambia tazama njia.

Mwanao,
Wilbert, karibu atakuwa Bwana Dereva


Kamachumu
22 Agosti 1954

Wilbert,

Hujambo? Niambie kwanza hilo.

Mashindano yamepita wiki tatu na barua hakuna. Jana Gaspar, yule anayepakua mizigo bandarini Kurasini, alifika likizo. Nilimkuta kanisani. Anasema alisikia kwamba kijana wa Kihaya wa gereji ya Mhindi ameungua na gari kwenye mashindano. Nikamuuliza ameungua wapi. Akasema hajui, alisikia tu watu wanasimulia huku wanacheka. Nikamuuliza, mtu akiungua watu wanachekea nini? Akasema hajui.

Mama mdogo wako hali chakula. Mie nakula ili asijue.

Kama ni uso, niandikie. Kama ni macho, mwambie mwingine akuandikie. Habari ya ahadi tuache kwanza.

Baba mdogo wako,
Apolinari


Temeke
5 Septemba 1954

Kwa Baba Mdogo na Mama Mdogo,

Shikamooni. Uso wangu upo na bado ni mzuri. Macho yapo yote mawili. Mama mdogo, kula tafadhali.

Sikuandika kwa sababu sikuweza kukaa. Hii barua naiandika nimesimama kwenye meza ya gereji kama karani wa posta. Nimeungua matako. Sasa cheka, nawe ucheke na Gaspar, halafu urudi nikueleze.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka juu ya miti. Magari yalikuwa saba. Mizunguko mitano ya kwanza tulikuwa wa nne, maji yanapanda, nasema, yanashuka, raha mustarehe. Mzunguko wa tisa tukampita Mzungu mmoja mnene, nikampungia mkono. Mzunguko wa kumi na moja tukawa wa pili. Wa pili, baba mdogo! Sikuwa hata natazama watu, natazama mishale tu. Maji sawasawa, mia na tisini. Lakini ule mshale mwingine, ule mchelewaji, ule wa hasira zako, ulikuwa unapanda polepole kila kona na haurudi. Mia mbili na hamsini. Mia mbili na sitini. Maji yanasema hakuna neno, mafuta yanasema kuna neno.

Nikamwinamia Saifuddin sikioni nikapiga kelele: "Mafuta yako juu!"

Akatabasamu. Akakanyaga zaidi.

Nikadhani hakusikia. Mshale umepita mia mbili na sabini. Nikapiga kelele mpaka mate yakamwingia sikioni: "Mafuta yako juu! Juu sana!"

Akainua dole gumba, akacheka, akakanyaga mpaka mwisho. Tukampita wa kwanza. Mie nikasema moyoni, huyu bosi wangu ameingiwa na shetani.

Hatukumaliza ule mzunguko wa kumi na mbili. Injini ikaanza kugonga kama mlevi aliyefungiwa nje, ikapiga yowe moja, ikakwama. Tukateleza mpaka kwenye mkonge. Kimya. Halafu maji, ambayo sasa hayana mtu wa kuyazungusha, yakaanza kuchemka, na mvuke ukatoka puani mwa gari, mfuniko unatetemeka, fyuuu.

Saifuddin akaruka chini analia kwa hasira. "Wilbert! We si umeniambia mafuta yako juu?"

"Si ndiyo nakwambia! Yako juu! Kwa nini hukupunguza?"

"Nipunguze nini, na petroli bado iko juu?"

Tukatazamana.

Umeelewa? Mie nasema mafuta, maana yangu ni ya injini. Na nani alinifundisha? Ni wewe. Kwenye Mama Moshi petroli ilikuwaga petroli, na mafuta yalikuwa ya injini, siku zote, miaka yote. Kumbe kwa Saifuddin ya injini ni oili, na mafuta ni yale ya tangini. Kwenye mazoezi mafuta hayakuwahi kupanda, kwa hiyo neno lenyewe sikuwahi kulitamka. Yeye tangu asubuhi anaogopa petroli itakwisha, akasikia iko juu, tena juu sana! Nami nikawa namshangilia mtu aliyekuwa anaua injini. Kwa hiyo baba mdogo, nakuheshimu sana, lakini hilo gari tumeliua mie na wewe.

Sasa matako. Saifuddin alivyo na hasira akachukua kitambaa akaenda kwenye mfuniko wa rejeta. Mkono wake ulikuwa umeshafika. Mie nilikuwa bado ndani ya gari. Kumwambia asingesikia, si tumeona faida ya kuambiana? Nikaruka juu ya kioo cha mbele nikaja nikakalia mfuniko.

Akanivuta mguu. "Shuka, mwendawazimu we! Unaungua!"

"Sishuki mpaka ipoe!"

"Wilbert, unatoka moshi!"

"Ni suruali hiyo. Ondoa mkono wako kwanza!"

Akauondoa. Nilikaa pale nikihesabu watakatifu wote ninaowajua, nilipowamaliza nikaanza na wa Saifuddin ambao nimewasikia kwa mama yake. Watu wakaja mbio, wakaona gari linafuka na mtu kalikalia, kicheko mpaka Mbagala. Mzungu mmoja alimuuliza Saifuddin kama hiyo ni dawa ya kienyeji ya kupoza injini.

Bwana dresa wa zahanati ananipaka dawa kila siku. Mama Zohra, mama yake Saifuddin, ananiletea wali wa maziwa na kuniita mwanangu. Aliutazama mkono wa Saifuddin, akautazama na uso wake, akalia, akanipa kuku mzima. Saifuddin amebandika karatasi ukutani gereji: OILI NI OILI, PETROLI NI PETROLI, MAFUTA NI YA MAANDAZI. Anasema injini nyingine ataipata kabla ya Krismasi, na kiti cha kushoto ni changu. Nikamwambia hapana.

Maana gari halikumaliza. Mizunguko ilikuwa ishirini, sie tuliishia kumi na mbili. Nilisema mikono yote miwili, na hapo sikuwa natania. Mara nitakapoweza kukaa siku tatu kwenye treni na meli nitakuja. Nimekwisha kufunga sanduku. Si zito. Nimekwenda Kinondoni kumuaga Mama Moshi, na Tabu nimemuaga, na njia ya Kurasini nimetembea mpaka mwisho na kurudi, bila shughuli yoyote, natazama tu malori yanavyopita. Madereva wawili wananijua. Wakapiga honi. Nikajifanya nina vumbi jichoni.

Chokaa ya hicho chumba ni nyeupe au ulichanganya na udongo?

Mwanao,
Wilbert


Kamachumu
26 Septemba 1954

Mwanangu Wilbert,

Marahaba, na pole. Nimeisoma barua yako kwa sauti. Mama mdogo wako alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Nilipofika kwenye mkono wa yule kijana alinyanyuka, akaenda kupepeta maharage ambayo alikwisha kuyapepeta. Sasa anakula. Dawa ya majani anayotaka nikutumie siiandiki hapa, tumia ya bwana dresa.

Nimekaa na barua yako wiki nzima, kwa hiyo usiseme nimejibu kwa hasira au kwa huruma.

Gari halikumaliza. Kweli. Lakini lililolizuia ni neno, na neno ni langu. Mie ndiye niliyekutia mdomoni ukiwa na miaka kumi, kwenye lori langu. Siwezi kukutegea hivyo halafu nikae Kamachumu nadai nimeshinda. Hata kwenye bao mchezo wa namna hiyo unafutwa. Kwa hiyo ahadi yetu imefutwa. Fungua sanduku.

Nikwambie na la pili. Nilikuwa nakuita nyumbani ili usiungue. Nimekuita kwa jina la kahawa, kwa jina la mama mdogo wako, kwa jina la chumba, lakini ilikuwa hiyo tu. Nilikuwa nauona uso wangu juu ya shingo yako. Sasa umeungua, na mie sikuogopa kama nilivyodhani nitaogopa. Siku ile Pugu watu walikuwa kumi na wanane juu ya lori, wote wananitazama, na kila mmoja aliona mfuniko unatetemeka. Hakuna aliyenishika mkono. Nimewachukia miaka minne watu ambao hata kwa majina siwajui. Baada ya barua yako nimechoka kuwachukia. Labda nao walikuwa wanapiga kelele, na mie nikasikia jambo jingine.

Mwambie Saifuddin nimemsamehe kwa kuyaita mafuta oili, ingawa ni makosa. Mwambie mama yake asante kwa kuku.

Chokaa ni nyeupe, sikuchanganya kitu. Nilitaka kuweka kahawa humo, mama mdogo wako akakataa. Tumekubaliana nusu magunia, nusu kitanda. Ukija kutusalimia utalala na magunia.

Huku kwetu ni migomba na mvua, na lori la misheni hupita mara moja kwa wiki. Likipita natoka nje kulisikiliza mpaka linapotelea bondeni, halafu mama mdogo wako ananiuliza nilikuwa nangoja nini. Kwa hiyo, hiyo injini mpya ikifika, usiniandikie joto lake wala mbio zake. Niandikie inavyonguruma ikiwa bado baridi asubuhi, na inavyobadilika sauti ikikolea. Andika polepole, usifanye mzaha, mie nitafumba hili jicho na mama mdogo wako atanisomea.

Baba mdogo wako,
Apolinari